Bahari ya Bi Tunu, Igogo

Simu ya kuniambia kwamba Mzee Shaabani, mwenye nyumba wangu wa zamani, amefariki ilinikuta dukani kwangu Usagara, nikipanga kwenye rafu mawe ya chumvi ya kulambwa na ng'ombe. Nina duka la dawa za mifugo, na kwa miaka mingi nimeiuza chumvi ile bila kuifikiria, kama mtu anavyouza viberiti. Siku hiyo nilibaki nimeshika jiwe moja mkononi mpaka mteja akaniuliza kama naumwa. Nilifunga duka nikaenda Igogo, mjini Mwanza, na nilipofika wanaume walikuwa wameshatoka makaburini. Bi Tunu, mke wa marehemu, hakuwepo. Alikuwa njiani kutoka Pangani, na alifika kesho yake mchana, bibi mfupi wa miaka themanini na kitu, ameshikwa mkono na binti wa dada yake. Nilikuwa sijamwona kwa miaka thelathini na miwili. Nilipiga goti pale mlangoni, mbele ya watu wote, nikasema, "Shikamoo, Bi Tunu." Akaniangalia kwa muda. "Marahaba. Kabula huyu? Umenenepa, mwanangu. Afadhali, ulikuwa kijiti." Kisha akaniegemea begani, akavuka kizingiti, akaingia ndani ya nyumba ambayo aliapa hatakanyaga tena.

Wanawake wa msibani walimshauri kwa upole akakalie eda kwao. Miezi minne na siku kumi si mchezo kwa mtu wa umri ule, tena kwenye mji usio wake, na walishaachana makazi miaka yote hiyo ingawa talaka haikuwahi kutolewa. Mzee alikuwa akimfuata Pangani kila likizo, na alipostaafu aliendelea kumfuata, anakaa mwezi, anarudi Mwanza peke yake. "Nyumba ya mume wangu ni hii," alijibu Bi Tunu. "Nileteeni godoro sebuleni." Godoro likatandikwa chini ya dirisha, na alipolala ubavu wa kulia uso wake ulielekea ukutani, mahali ambapo tangi la kioo lilikuwa bado limesimama juu ya meza yake ya chuma. Mzee alikuwa amelifanya kabati la mashuka. Lakini kwenye kioo, karibu na ukingo wa juu, kulikuwa na mstari mweupe uliolizunguka tangi lote, mkavu na mgumu, na nilipouona niliutambua. Mstari ule niliuweka mimi.

Nataka kuueleza mwaka ule mmoja tu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimeajiriwa kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, chumba cha maabara, kazi yangu ikiwa kupima joto la barafu na dawa ya kuua vijidudu kwenye maji ya kuoshea samaki. Nilipangishwa chumba cha nyuma katika nyumba ya Mzee Shaabani, fundi mitambo wa meli za ziwani. Asubuhi ya kwanza nilimwita mkewe "Mama mwenye nyumba," akasema yeye hajamzaa mtu na nyumba ni ya mwanaume, nimwite Bi Tunu basi. Alikuwa na hamsini na kidogo, mwenye maneno, mwenye mikono isiyotulia. Alipika sato kwa nazi zilizotoka pwani kwa treni, na nazi zikichelewa alikasirika siku nzima. Mimi nilimletea michembe kutoka kwetu Misungwi, viazi vile vilivyokatwa na kukaushwa, akavicheka, akasema Wasukuma tunakula kuni. Baada ya wiki mbili nilimkuta jikoni anavitafuna na chai, amegeukia ukuta. Tangu siku hiyo nikawa naleta furushi kubwa zaidi.

Tangi lilikuwa sebuleni, na ndani yake mlikuwa na samaki watatu wa baharini, wadogo, wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Wageni walikuja kuwatazama kama watu wanavyokwenda kumtazama mtoto mchanga. Wengi waliuliza swali lile lile: kwa nini kuhangaika na samaki wa mbali hivyo wakati ziwa zima liko pale chini ya mlima wa mawe? Bi Tunu hakuwajibu. Mimi nilipata jibu bila kuuliza, kwa sababu chumba changu na chao vilitenganishwa na mbao nyembamba, na asubuhi moja, maji ya chai yakiwa jikoni yanachemka, niliwasikia. Mzee alisema kwa sauti ya chini, "Nimekuletea bahari ndani ya nyumba, Tunu. Unataka nini tena?" Bi Tunu akasema, "Nataka kwetu." Kisha Mzee akasema, "Basi nipe mwaka. Hawa samaki wakifika mvua za vuli ijayo wakiwa hai, usiniulize tena habari ya Pangani. Wakifa, nitakupakia mwenyewe." Bi Tunu akacheka kidogo, akasema, "Haya. Tuandikiane kwa samaki." Nilibaki nimeshika kikombe. Nilikuwa na miezi miwili tu katika nyumba ile, na tayari nilijua kwamba sitaki yule mama aondoke.

Kwa hiyo nilijiingiza kwenye maji. Mzee alikuwa safarini ziwani siku nyingi za wiki, na kuchanganya maji ya chumvi si kazi ya mtu mmoja. Maji ya bomba yalikuwa na dawa, ya ziwa yalikuwa na uhai wake mwingine, kwa hiyo tulitumia ya mvua, yaliyokingwa kutoka bati la paa kwenye pipa la bluu. Chumvi nayo si hii ya jikoni. Siku ya kwanza nilitoa wazo la kununua mfuko wa chumvi dukani, na Bi Tunu alinitazama kwa huruma. "Unadhani bahari ni mchuzi?" Chumvi yake ilikuja kwenye ndoo yenye kifuniko, ikiletwa na baharia mmoja rafiki wa Mzee aliyesafiri nchi za nje, na ndani yake mlikuwa na vyote vilivyomo baharini, siyo chumvi peke yake. Ilikuwa na utaratibu wake. Maji kwanza, chumvi baadaye, kikombe kimoja kimoja, huku pampu ndogo ikiyasukasuka. Ukianza na chumvi ukaimwagia maji, inashikana chini inakuwa jiwe, na maji hayo hayatengenezeki tena. Kisha unayaacha siku nzima yakizunguka, mpaka weupe utoke na uone tako la pipa. Hapo ndipo unapopima.

Kupima ndiko nilikokupenda. Palikuwa na kipimo cha kioo, tumbo chini, shingo nyembamba juu, na kwenye shingo mstari mwekundu. Ukikitumbukiza kinaelea wima. Maji yakiwa na chumvi nyingi kinapanda, yakiwa na chache kinazama. Maji yakigusa mstari mwekundu, ni bahari. Lakini Bi Tunu hakuniruhusu kukitumbukiza kabla yeye hajachovya kidole akakilamba. Alifumba macho, akasubiri. "Bado," alisema, au, "Imepita." Na siku nyingine alisema tu, "Hapo." Ndipo nilipotumbukiza kipimo changu cha kisomi, na mara zote mstari mwekundu ulikubaliana na ulimi wake. Nilijaribu kujifunza. Nilichovya na kulamba mpaka midomo ikapasuka, lakini kwangu yote yalikuwa chumvi. "Wewe umekulia maji matamu," aliniambia. "Ulimi wako hauna pa kuanzia."

Siku moja mchana umeme ulikatika, na pampu ikanyamaza. Samaki wale wanahitaji maji yanayocheza, la sivyo wanakosa hewa. Tulikaa pande mbili za tangi, kila mmoja na kikombe, tunachota na kumwaga, tunachota na kumwaga, kuanzia baada ya adhuhuri hadi alasiri ikapita. Mikono ilikufa ganzi. Ndipo aliponisimulia Pangani kwa mara ya kwanza, siyo mambo makubwa, bali ukuta wa nyumba ya dada yake unaotoa unga mweupe kwa sababu ya upepo, na nguo ambazo hazikauki vizuri, na jinsi mtoto anavyonusa kabla hajafika akajua maji yamejaa au yametoka. "Ziwa lenu zuri," alisema. "Sina ugomvi nalo. Lakini halinuki, Kabula. Kila asubuhi naamka navuta pumzi, sisikii kitu. Miaka kumi na tisa sisikii kitu." Nilimwambia linanuka, aje kiwandani kwetu. Alicheka mpaka akamwaga kikombe sakafuni. Umeme uliporudi hatukuinuka mara moja. Nimekaa na watu wengi tangu wakati huo, nimeolewa, nimezaa, nimezika, na bado mchana ule ndio ninaoutamani kuliko siku nyingine zangu zote.

Mwezi wa nane ulipofika, kiangazi kimekaza na upepo unapuliza mchana kutwa, dada yake aliugua. Bi Tunu akasema anakwenda wiki tatu. Samaki walikuwa hai, wamenenepa, na mvua za vuli zilikuwa zimebaki kama miezi miwili. Alinikalisha chini akanipa maagizo: chakula kidogo, cha kubana kwa vidole viwili, kila Jumamosi toa ndoo moja ya maji ya zamani, tia ndoo moja ya mapya, umeme ukikatika, kikombe. Pipa lilikuwa limejaa maji aliyoyachanganya mwenyewe, akayalamba, akasema "Hapo." Mwisho kabisa alichukua kipimo, akakizungushia khanga, akakitia kwenye mkoba wake. "Nataka nikaipime bahari yenyewe," alisema. "Nione kama tulikuwa tunadanganyana." Niliona ni mzaha mzuri. Mzee naye alicheka, akambebea mkoba hadi stesheni.

Sasa, kuna jambo moja ambalo hakuniambia. Maji ya tangi hupungua yenyewe, hasa kiangazi, vidole viwili kwa siku chache. Kwa mwaka mzima yaliongezwa na sikuwahi kuona anayeongeza, kwa maana aliongeza alfajiri mimi nikiwa usingizini. Nilipoona yamepungua, nilifanya ambavyo mtu yeyote wa kwetu angefanya. Mtungi ukipungua unaujaza kwa maji yale yale. Tangi la maji ya chumvi nikalijaza maji ya chumvi, kutoka kwenye pipa, kwa uangalifu, bila kumwaga tone. Na nilijivunia. Kidato cha pili nilichora mchoro wa jua, bahari na mvuke, mwalimu akaweka alama ya vema, na chini nikaandika kwa mkono mzuri kwamba maji huondoka na chumvi hubaki. Mchoro ule haukunijia hata siku moja. Wiki tatu za Bi Tunu zikawa tano. Kwenye kioo ukatokea mstari mweupe, nami nikaufuta, ukatokea tena juu zaidi. Samaki wa kwanza alianza kulala ubavu. Nilichovya kidole nikalamba. Yalikuwa chumvi, kama siku zote. Nikaongeza ndoo nyingine, nikidhani anataka maji mapya.

Wote watatu walikufa ndani ya siku nne. Mzee aliporudi kutoka ziwani alinikuta nimekaa sakafuni mbele ya tangi, na aliponiuliza nilisema umeme ulikatika nikiwa kazini. Sikujua bado kosa langu ni lipi, lakini nilijua kuna kosa, na nilidanganya haraka. Alisema, "Basi, mwanangu, ni umeme." Aliwatoa kwa chujio la chai akawazika nyuma ya choo cha nje. Bi Tunu alirudi siku ya Ijumaa. Hakulia. Alikwenda moja kwa moja kwenye tangi, maji yakiwa bado yamo, akachovya kidole, akalamba, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko siku zote. Kisha akanitazama, nami nikatazama sakafu. "Umeme huu," alisema. Wiki iliyofuata Mzee alimpakia kwenye treni kama alivyoahidi, masanduku mawili na cherehani. Pale stesheni alinikumbatia, na nguo zake zilikuwa na harufu ya karafuu na samli. Niliporudi nyumbani nilianza kulikausha tangi, na chumvi iliyobaki chini ilijaa kiganja changu. Hapo ndipo ule mchoro wa kidato cha pili uliponirudia, wakati haunisaidii tena.

Nilihama nyumba ile kabla ya mvua za vuli. Sikumwandikia. Kwa miaka thelathini na miwili niliamini kwamba nilimvunjia mtu ndoa yake kwa kikombe cha maji. Kila nilipokutana na Mzee Shaabani mjini, amebeba samaki mmoja wa mtu mmoja, nilivuka barabara. Mara nyingine nilijikuta nafikiri jinsi ambavyo ingekuwa: samaki wamefika vuli, Bi Tunu amebaki, mimi nakwenda Jumapili na furushi la michembe, watoto wangu wanamwita bibi. Nimeyaishi maisha hayo ya kando kwa muda mrefu, na naweza kueleza hata rangi ya mapazia yake.

Katika eda nilikwenda kumwona kila Jumatano. Tulizungumza bei ya nazi, magoti yetu, wajukuu zangu. Mwezi wa tatu nilishindwa kuvumilia. Nilikuwa nimemmenyea chungwa, nikamwambia yote: kwamba haukuwa umeme, kwamba niliongeza maji ya pipa kila siku, kwamba nilidanganya, na kwamba ni mimi niliyemwondoa Mwanza. Alikula chungwa mpaka likaisha. "Nilijua," alisema. "Nililamba." Nikamwambia najua kwamba alijua. "Hujui," akasema. "Sikiliza. Kila kitu nilikufundisha, Kabula. Mwaka mzima. Lile la kuongeza maji matupu, yasiyo na chumvi, asubuhi sikukufundisha, na siku ile ya safari lilikuwa mdomoni, limefika hapa kwenye meno, nikalimeza. Na kipimo nikakichukua ili usione." Nilimuuliza kwa nini. Alifuta vidole kwenye khanga. "Kwa sababu samaki walikuwa wanaishi. Ulikuwa unawatunza vizuri mno. Ningebaki. Na kumwambia yule mwanaume kwa mdomo wangu kwamba siutaki mwaka wake, nilishindwa. Nikakutumia wewe."

Nilikasirika, sitaficha. Nilitoka nikasimama uani karibu na mahali choo cha nje kilipokuwa, nimejaa hasira kwa ajili ya yule binti wa miaka ishirini na miwili aliyevuka barabara miaka yote ile. Lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine kilichoniuma zaidi, nacho ni hiki: maadamu kosa lilikuwa langu, nilikuwa na sehemu yangu katika kuondoka kwake. Sasa nilijua alikuwa ameshaondoka moyoni wakati tunachota na kumwaga vikombe vile, na mimi nilidhani tunashikilia kitu pamoja. Niliporudi ndani nilimkuta anajaribu kuinuka anifuate, na hawezi. "Mchana ule wa umeme," nilimwambia, "ulikuwa unanidanganya pia?" Akasema, "Ule hapana. Ule ndio ulionifanya nisikufundishe. Ungenipata, nisiondoke tena." Baadaye akaniuliza kama duniani bado kuna michembe.

Kwao Pangani, mjane akimaliza eda hupelekwa kuoga bahari. Alinieleza hivyo wiki ya mwisho, kwa aibu kidogo, kisha akamtuma binti wa dada yake alete kifuko kilichokuwa chini ya masanduku. Mlikuwa na chumvi ya mabwawa ya pwani, ya kijivu, bado ina mchanga, aliyoibeba tangu siku ya msiba. Na ndani ya chumvi, kimezungushiwa khanga iliyochakaa, kilikuwamo kipimo cha kioo. Mvua zilikuwa zimeanza. Nilinunua pipa jipya la bluu, nikakinga maji ya bati. Maji kwanza, chumvi baadaye, kikombe kimoja kimoja. Pampu sikuwa nayo, nikakoroga kwa mwiko wa ugali, mimi na magoti yangu mabovu, na nikayaacha siku nzima. Asubuhi ya kutoka eda tulimleta uani kwenye kiti. Nilitoa kipimo, akanikataza kwa mkono. Akachovya kidole. "Imepita," alisema. Nikaongeza kata moja ya maji matupu. "Bado imepita." Nikaongeza nyingine, polepole. Alilamba, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu puani, pale uani Igogo, mawe ya mlima yakiwa yamelowa mvua. "Hapo," alisema. Nilipotumbukiza kipimo, maji yalikata katikati ya mstari mwekundu. Binti wa dada yake na mimi tukamwogesha, kichwa, mabega, mgongo, na tukaacha pipa lilipofika nusu.

Aliondoka siku mbili baadaye kwa basi la asubuhi, na hatarudi, sote wawili tunajua. Nusu ile ya pipa niliipakia kwenye gari la mizigo nikaileta Usagara, na sikumweleza mtu sababu kwa kuwa sina. Pipa liko nyuma ya duka. Nimechora mstari kwa wino wa kuwekea alama ng'ombe pale maji yalipokuwa siku ile. Yanapungua. Na kila alfajiri, kabla sijafungua duka, naongeza maji matupu mpaka kwenye mstari.